Kaseme Kule Kule Uliponyamaza

Mngurumo wa mashine ya kupura mpunga waliusikia kabla hawajavuka mfereji. Ceu Popong, dada wa kijiji ambaye mdomo wake haujui likizo, akasimama ghafla katikati ya njia, gunia begani, mundu mkononi.

"Jamani, mnasikia ninachokisikia?"

"Labda ni kwa jirani," Ema Icih akasema.

"Jirani yupi, Icih? Jirani kavuna wiki iliyopita, na kuku wake tumemla. Hiyo ni kwa Haji Oman. Hiyo ni kwetu!"

Wanawake wakaanza kukimbia juu ya kingo za majaruba, mmoja nyuma ya mwingine, magunia yakiwapiga mgongoni. Nenden, binti pekee wa Ema Icih, akabaki nyuma na kikapu cha wali na samaki wa chumvi. Kang Yayat, mchumba wake, alishamwambia kwamba atauza mpunga wa baba yake, Haji Oman, ili posa ya Ijumaa isiwe ya kuazima vitu kwa watu. Nenden akadhani atauza baada ya kuvunwa, kama miaka yote. Au tuseme ukweli: alijilazimisha kudhani hivyo, maana kudhani vingine kungemlazimu afungue mdomo wake na kusema jambo ambalo hakutaka kulisema.

Walipofika, nusu ya shamba ilikuwa imeshalala chini. Wanaume wageni, vibarua walioletwa na mnunuzi kwa lori kutoka mjini, walikuwa wanakata huku wanapiga soga, na wengine wanailisha mashine. Kwenye dungu alisimama Yayat. Pembeni yake alikuwepo dada yake mkubwa, Ceu Entin, aliyekuja kutoka Bandung kusimamia mambo ya posa. Alikuwa anapakua chakula cha vibarua, mikono ya gauni ameikunja kwa uangalifu isiguse mchuzi.

Pale kijijini Pasirlame mpunga una sheria yake. Mwanamke akipandikiza miche kwenye jaruba la mtu na kulipalilia mpaka mwisho, halipwi kitu. Malipo yake yanamngoja kwenye mavuno: siku hiyo haingii mkono mwingine pale ila wake, na katika kila matita matano anayovuna, moja anakwenda nalo kwake. Ndio wali wa nyumba hiyo mpaka msimu mwingine. Ukimvunia mtu jaruba alilolipanda, nyuma ya mgongo wake, umemwibia mchana kweupe, na hata uwe tajiri wa namna gani hutapata wa kukuitikia salamu.

"Wewe!" Ceu Popong alipaza sauti. "Simamisha hilo dude!"

Yayat akageuka, akashangaa kuona kundi zima la wanawake. Akawapa ishara vibarua, mashine ikazimwa.

"Kuna nini, Ceu?"

"Kuna nini! Mnamsikia? Anauliza kuna nini! Migongo hii ilipoinama hapa kwenye mvua, wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa Karawang huko kiwandani, unakula kiyoyozi. Leo mpunga umeiva ndio unatuletea watu wa lori. Kwani sisi tulipanda ili tuje kutazama?"

"Mlipanda nyinyi?"

"Tulipanda sisi, nani mwingine? Baba yako mwenyewe alitugawia majaruba kabla hajaenda Bandung kutibiwa macho. Ungemuuliza!"

"Sikutaka kumsumbua mgonjwa yule. Ceu Popong, haki ya Mungu, mimi niliambiwa..."

Hapo akakoma. Alikuwa amemwona Nenden. Kisha macho yake yakasogea kidogo, yakamfikia mwanamke aliyesimama mbele ya Nenden, kofia pana ya mianzi kichwani, nguo imekunjwa mpaka magotini, tope la njiani limeshampanda miguuni. Ema Icih, naye ana mundu mkononi.

Nenden akatamani ardhi ipasuke. Maana ni yeye, kwa sauti tamu ya simu, aliyemwambia Yayat: "Ema amepumzika, Kang. Msimu huu hajashika mche hata mmoja." Na Yayat alipomuuliza kama kuna wenye haki ya kuvuna pale, akamjibu bila kumeza mate: "Hakuna. Baba yako siku hizi anatumia vibarua wa kutwa, watu wa bondeni." Uongo wa kwanza uliutafuta wa pili. Angemtaja Ceu Popong, Yayat angekwenda kwa Ceu Popong, na Ceu Popong lazima angesema, mbona humtaji Icih?

Na yote hayo kwa ajili ya kauli ya Ceu Entin. Alipopata habari kwamba mdogo wake anataka kuoa Pasirlame, alisema: "Tutakaaje na mkwe ambaye tunampimia mpunga?" Maneno yakasafiri, kama yalivyo maneno, yakamkuta Nenden nyuma ya meza ya duka la kashata na peremende mjini Garut, anakokwenda kazini na kurudi jioni, kucha zake zimepakwa rangi. Hakuyasahau. Usiku huo huo aliamua kumstaafisha mama yake, mwenyewe hana habari.

Ceu Entin akaweka upawa chini. "Yayat, si uliniambia mama yake kaacha? Si uliniapia kabisa, kwamba habari ya kupanda mashamba ya watu imekwisha?"

Hata wale vibarua waliacha kutafuna.

"Kaacha nani?" Ema Icih akauliza. Sauti yake ilikuwa ya upole, ya mtu anayetaka kuelewa tu. "Nani kasema nimeacha?"

Yayat akamtazama Nenden. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu aliyeshika mlango ili mwenzake apite. Nenden aliuona mlango huo ulivyo wazi, akauona na umati uliosimama, Ceu Popong na wenzake, na Ceu Entin na gauni lake safi, na vibarua wasiomjua hata jina. Akaangalia kikapu chake.

"Nilisema mimi, Ema," Yayat akasema.

"Wewe?"

"Mimi. Nilitunga. Na hawa sikuwauliza pia. Kosa ni langu."

"Ulitunga kwa nini, mwanangu?"

Sababu haikuwa ya Yayat. Akainamisha kichwa. Ema Icih akalitafuta jibu mwenyewe.

"Uliona haya," akasema. "Basi, nimeelewa. Baba yako alikuja kwangu kabla ya kupanda, akaweka neno. Alisema, Icih, binti yako tunaomba asipewe mtu mwingine. Nikalipokea. Wamekuja watu wengine, wana heshima zao, nikawaambia hapa kuna neno la watu, tafadhalini. Leo nalirudisha. Mwambie Haji nimelirudisha kwa mkono wangu, na Ijumaa asijisumbue."

"Ema..."

"Usiniite Ema. Haki ya kuniita mama bado hujaipata. Nenden, twende."

Na Nenden akaenda! Ndiyo, alimfuata mama yake kama kondoo. Nyuma yake alisikia Yayat akiwaambia vibarua waache kukata, kilichosimama kisiguswe tena, na katika kilichokatwa mafungu ya waliopanda yatoke kwanza, na mnunuzi atamalizana naye yeye mwenyewe. Akamsikia na Ceu Popong: "Hayo ndiyo maneno! Sasa shuka na wewe ubebe. Hiyo mikono ni ya kusainia tu?" Hakugeuka. Aliogopa kwamba akigeuka atamkuta Yayat bado anamtazama.

Walipofika kwenye bomba la mianzi chini ya nyumba yao, Ema Icih alikaa juu ya jiwe akaanza kuosha miguu. Nenden alikuwa analia, kilio cha kimya, kamasi na machozi.

"Usilie," Ema Icih akasema. "Na mimi unisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Ningejua dada yake yupo ningevaa ile nguo ya bluu. Mtu katoka Bandung, ananikuta na hili tambara. Nimekutia aibu, mwanangu."

Ee Mola! Kuna maneno ya upole yanayoumiza kuliko kofi.

"Ema, nyamaza. Tafadhali."

"Nasema kweli. Ila nashukuru tumemjua mapema. Nilimpenda yule kijana, unajua? Ana adabu. Akija hapa anakula kila nikimpacho, hata ile pilipili yangu, mpaka machozi yanamtoka, na bado anaongeza. Sikujua kama rohoni ananionea haya. Mtu anayemwonea haya mama yako leo, kesho atakuonea wewe."

"Si yeye."

"Si yeye nini?"

"Aliyesema umeacha kupanda. Si Kang Yayat. Ni mimi."

Maji yaliendelea kumwagika. Ema Icih aliendelea kusugua mguu wake, pale pale palipokwisha kutakata.

"Na la watu wa bondeni pia," Nenden akasema, maana lililoanza kutoka sasa halikuzuilika. "Aliniuliza nani wamepanda. Nilimwambia ni vibarua wa kutwa. Hakujua, Ema. Amebeba tu."

"Kwa nini?"

"Ceu Entin alisema eti hawezi kukaa na mkwe wanaye..."

"Sikukuuliza Entin. Entin sikumzaa mimi."

Nenden akajifuta uso kwa mkono. "Niliona haya."

"Ya kazi?"

"Ndiyo, ya kazi."

"Ya kazi, au yangu?"

Nenden akajifunika uso kwa mikono, na hilo likawa jibu. Ema Icih akafunga bomba kwa kipande cha nguo, akakaa mikono magotini. Kwa mara ya kwanza Nenden aliona jinsi mama yake alivyokuwa mdogo wa mwili bila ile kofia.

"Miaka yote hii," Ema Icih akasema, "nikipita mahali watu wakanyamaza, najiambia ni tope tu, ni mavazi, watazoea. Nikifika nyumbani nakwambia mwanangu leo wamenicheka, na wewe unanikanda mgongo. Kumbe ulikuwa unanikanda huku umeshaniuza."

"Nipige, Ema."

"Nikupige ili ujione umelipa? Thubutu! Popong na wenzake wamekuta shamba lao limekatwa kwa ajili ya mdomo wako. Na yule mtoto wa watu kavuliwa nguo mbele ya kadamnasi, na aliyemvua ni mimi, mimi Icih, kwa kosa ambalo si lake. Unanililia mimi hapa, nani anakusikia? Kaseme kule kule uliponyamaza."

"Wote wako pale, Ema."

"Ndiyo. Wote wako pale."

Nenden akarudi. Njia aliyoipita tangu utotoni ilikuwa ndefu siku ile, na kila aliyekutana naye Nenden alimwona kama amekwisha kujua. Jua lilikuwa limepanda. Lori lilikuwa limeondoka. Wanawake walikuwa wanavuna nusu iliyobaki, kila mmoja kwenye jaruba lake, na jaruba la Ema Icih tu ndilo lililokuwa halina mtu. Yayat alikuwa pale katikati, shati limelowa jasho, amejitwika matita mawili anayumba, na Ceu Popong anamsindikiza kwa maneno.

"Beba, beba! Bwana harusi asiye na harusi! Kiwandani hawakukufundisha kubeba?"

Alipomwona Nenden, Yayat alitua mzigo, akamfuata mpaka kwenye ukingo. Wakasimama wanatazamana. Alikuwa na majani ya mpunga shingoni, na Nenden, hata katika aibu ile yote, alitamani kunyoosha mkono ayatoe.

"Umefuata nini?" Yayat aliuliza kwa sauti ya chini. "Ema hajambo?"

"Nimemwambia."

"Umemwambia nini?"

"Kweli."

Yayat akashusha pumzi. "Basi imetosha. Nenda nyumbani."

"Sijawaambia hawa."

"Hawa wa nini? Nenden, sikiliza. Mimi Jumapili narudi Karawang. Watanisema mwezi mmoja, watachoka. Wewe unaishi hapa. Ukifungua mdomo leo, mpaka unazeeka utakuwa yule aliyemkana mama yake. Mimi nimeshabeba. Acha nibebe."

"Kwa nini ulibeba, Kang?"

"Unaniuliza kwa nini?" Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Niliona uso wako. Nikaona hutaweza. Nikasema, basi, mmoja wetu lazima aweze."

"Uliniona mwoga."

"Nilikuona unateseka."

"Ulinitazama, ukaningoja."

"Nilikungoja," Yayat akakubali. "Kwa muda nilikungoja kweli. Sitakudanganya, Nenden, iliniuma. Kama ungeniambia tangu mwanzo kwamba Ema bado anapanda, ningefanya nini mimi? Ningekuja nimsaidie kubeba. Ulidhani napenda nini kwako, mama asiyeshika mche?"

Nenden alishindwa kumtazama. Mapenzi yalimsukuma akimbie nyumbani, kama alivyoambiwa. Ni rahisi mno kumtii mpenzi anapokuomba ufanye lile ambalo moyo wako mwoga umeshalitaka. Alikaribia kugeuka. Kisha akaliona tena lile jaruba la mama yake, mpunga umesimama wenyewe, wenzake wote wamekata pembeni yake na hakuna aliyeligusa.

Akapanda juu ya ukingo.

"Ceu Popong," akaita. "Ceu wote. Samahanini. Nina neno."

Migongo michache ikanyooka.

"Aliyesema kwamba Ema ameacha kupanda ni mimi. Kang Yayat aliniuliza nani wamepanda hapa, nikamficha. Niliwataja vibarua wa kutwa. Yeye hakujua kitu. Nilimwonea haya Ema."

Ceu Popong akaweka mkono nyuma ya sikio. Alikuwa amesikia, bila shaka. Ceu Popong husikia hata chungu kikichemka nyumba ya tatu.

"Paza sauti, mtoto! Wa kule mwisho hawajasikia."

"Ceu, imetosha," Yayat akasema.

"Wewe nyamaza, beba matita. Nenden! Wa kule mwisho!"

Nenden akavuta pumzi, akasema tena, kwa sauti iliyofika mpaka mfereji. Safari hii alilitaja jina la mama yake lote, na alipofika kwenye neno haya sauti ikamkatika, akalirudia. Hakuna aliyepiga makofi, hakuna aliyesema haidhuru. Mwanamke mmoja alitema mate pembeni, akainama akaendelea na kazi. Mwingine akasema, "Na sisi tulikuwa tunamwimbia huyu, eti Neng, binti yetu, atakuja kuchukuliwa na gari." Kwenye dungu, Ceu Entin alikuwa anafunika sufuria, anafunua, anafunika tena, uso umemwiva.

"Haya," Ceu Popong akasema mwishowe, na hakukuwa na mzaha kwenye sauti yake. "Tumesikia. Angalau una mdomo. Asubuhi nilidhani umezaliwa bila."

"Na mimi nimesikia," ikasema sauti nyuma.

Ema Icih alikuwa anakuja juu ya ukingo, kofia kichwani, nguo imekunjwa vile vile mpaka magotini. Hakuvaa ile ya bluu. Alimpita Nenden akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya Yayat, naye Yayat akainama kumpa mkono kwa adabu, kiganja kwa kiganja.

"Nilikuhukumu kwa kosa la mwanangu," Ema Icih akasema. "Mbele ya watu. Kwa hiyo mbele ya watu nakuomba radhi."

"Ema, usiseme hivyo. Samahani, nimekuita..."

"Niite. Neno la baba yako bado lipo kwangu, nililosema asubuhi nimelifuta. Ijumaa njooni. Na dada yako aje ale, wali wenyewe si huu mpunga nilioupanda mimi?"

Ceu Entin alijibu kutoka kwenye dungu, kwa sauti ya mtoto aliyechapwa: "Nitakuja, Ema. Nitakuja kupika."

Wanawake wakacheka, kicheko cha kwanza siku ile, na Yayat akamgeukia Nenden uso umemeremeta. Furaha ile ilikuwa yao wote wawili, alikuwa anampa nusu yake. Nenden alitaka kuipokea. Alikuwa amempata mwanamume aliyemtaka, kapewa mchana kweupe, na mama yake mwenyewe ndiye aliyempa. Lakini macho yake yalikuwa yanamfuata Ema Icih, ambaye alikuwa ameshashuka kwenye jaruba lake na kuanza kukata, na tangu afike hakuwa amemtazama hata mara moja.

Nenden akashuka nyuma yake, na viatu vyake miguuni.

"Ema, nivune na wewe?"

Mundu ukakata, ukakata tena.

"Hapa haingii mkono ila wa aliyepanda. Wewe unaijua sheria."

"Naijua. Ndiyo maana naomba."

Ema Icih akalifunga tita, akaliweka kando, akasogea hatua mbele bila kugeuka.

"Kesho uniombe tena," akasema.